Sare ya shule ya serikali, kipande kwa kipande: shati, marinda, sweta na kile ambacho fomu haisemi

Ada ya shule za serikali Tanzania iliondolewa kuanzia Januari 2016 kwa shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita wakafuata. Sare ilibaki begani kwa mzazi. Daftari likikosekana mtoto ataazima karatasi kwa jirani yake, lakini sare ikikosekana anaweza kugeuziwa getini. Kwa hiyo hapa tunaipima kama bidhaa: shati jeupe, sketi ya bluu au kaptula, sweta, hijabu na viatu vyeusi, zile zinazouzwa zimekwisha kushonwa pale Kariakoo na zile za fundi wa mtaani. Kila kipande kinaulizwa maswali mawili tu. Je, mtoto yeyote anaweza kukivaa? Na je, kinapatikana bila kulazimika kupita kwenye mlango mmoja wa duka?

Kwa ufupi, sare yenyewe haina ubaya. Ni rangi mbili, vitambaa vya kawaida, mishono ambayo fundi yeyote anaijua. Inaharibiwa na yale yanayoongezwa kwenye fomu ya kujiunga: mstari wa rangi kwenye kola, nembo iliyofumwa, tisheti ya Ijumaa.

SHATI

Alama 8 kati ya 10, na ndicho kipande chenye haki kuliko vyote. Shati jeupe la mikono mifupi linapatikana kila gulio, na la mtumba lenye kola nzima mara nyingi hudumu kuliko jipya la bei ya chini. Shule ikidai shati lenye mstari wa kijani kwenye mfuko, mzazi anapoteza mtumba, anapoteza shati la kaka mtu aliyesoma shule nyingine, na anabaki na muuzaji mmoja.

Mashati mengi ya dukani ni ya tetroni, yaani polista na pamba pamoja, mara nyingi polista 65 kwa pamba 35. Kama muuzaji anakuapia kuwa ni pamba tupu, omba uchomoe uzi mmoja kwenye pindo uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Tetroni si kitambaa kibaya. Inakauka usiku mmoja hata ndani ya chumba, na kwa mtoto mwenye mashati mawili tu hilo ni jambo kubwa. Udhaifu wake ni kwamba polista inashika mafuta ya mwili, kwa hiyo kola inaanza kugeuka njano hata kama shati linafuliwa kila siku. Wengi hukimbilia jiki, na ndipo mambo yanapoharibika zaidi: jiki inadhoofisha nyuzi za pamba, na kama maji ni ya kisima chenye chuma, inakigeuza chuma hicho kuwa madoa ya kutu ambayo hayatoki tena. Dawa ni sabuni ya kipande. Loanisha kola, ipake sabuni, iache nusu saa kabla ya kufua.

Dukani angalia vitu vitatu. Kwanza mshono wa bega: weka kidole gumba juu yake na uhesabu mishono ndani ya inchi moja. Ikiwa 10 hadi 12, chukua. Ikiwa sita au saba, uzi utaanza kuachia mtoto akinyoosha mkono kuuliza swali. Pili, kola: ikunje na uiachie. Kola yenye kitambaa kigumu cha ndani kilichogandishwa vibaya hutoa malengelenge baada ya kufuliwa mara mbili. Tatu, matundu ya vifungo: nyuzi zake ziwe zimebanana, zisiwe zimepita mara moja tu.

Upande wa kanuni, weupe una tatizo lake. Shule iliyo kwenye udongo mwekundu na bomba linalotoka mara mbili kwa wiki ikifanya ukaguzi wa usafi wa shati kila Jumatatu, inachokagua ni umbali wa nyumba ya mtoto na maji. Bluu hafifu au krimu inauzwa kwenye maduka yale yale, inasitiri vumbi, na haina haja ya jiki.

Fomu nyingi zinasema "mikono mifupi" na kuishia hapo. Kwa mwanafunzi mwenye ualbino hiyo ni hatari. Anahitaji mikono mirefu hadi kwenye kifundo cha mkono, kola inayosimama, kitambaa kilichofumwa kwa kubana, na kofia yenye ukingo wa angalau inchi tatu kuzunguka kichwa chote, siyo kapelo ambayo inaacha masikio na shingo juani. Na shati jeupe jepesi si kinga kubwa kama linavyoonekana: shika kitambaa kuelekea dirishani, ukiona vidole vyako kupitia humo, jua nalo linapita. Kanuni iandike wazi kwamba kofia inaruhusiwa mstarini, uwanjani na darasani karibu na dirisha, ili mtoto asiombe ruhusa upya kila akija mwalimu wa zamu mpya.

SKETI

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na inapotea kwenye neno moja la fomu: "marinda". Chukua mtoto wa miaka kumi mwenye kiuno cha inchi 24 na sketi ya urefu wa inchi 22. Marinda yaliyozunguka sketi nzima hula kitambaa mara tatu ya kiuno, yaani inchi 72. Kitambaa cha upana wa inchi 58 hakitoshi kwa kipande kimoja, kwa hiyo fundi anakata vipande viwili vya urefu, kila kimoja inchi 26 ukihesabu pindo na mshono. Ongeza mkanda wa kiuno na utanunua mita moja na nusu. Sketi ile ile ikishonwa kwa marinda mawili mbele na mawili nyuma inatoka kwenye upana mmoja, na robo tatu ya mita inatosha. Ni nusu ya kitambaa, nusu ya muda wa kupiga pasi, na hatua ya mtoto inabaki pana vile vile. Hakuna sababu ya kielimu ya marinda kumi na nane.

Pindo ndiyo akiba ya mzazi. Za dukani nyingi zina pindo la nusu inchi, maana kila inchi iliyofichwa ndani ni kitambaa ambacho mteja hakioni. Mwambie fundi aache inchi tatu na alishone kwa mkono au kwa mshono mrefu wa cherehani, ili lifunguke bila kuchana. Mtoto wa shule ya msingi hurefuka sentimita tano au sita kwa mwaka, lakini sehemu ndogo tu ya urefu huo ndiyo inayoigusa sketi. Inchi tatu zinaweza kukupeleka miaka miwili na zaidi. Likifunguliwa utaona mstari wa mkunjo wa zamani wenye rangi tofauti. Huo hauondoki, na mwalimu asiuhesabu kama uchafu.

Kiuno kiwe na mpira nyuma, kutoka mshono wa ubavu hadi mwingine, na mbele kibaki bapa. Mtoto mnene, mtoto anayekua haraka na msichana aliyetoka kujifungua wote wanavaa mkanda huo. Hilo la mwisho si la nadharia: waraka wa Novemba 2021 uliwaruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi darasani. Mama anayenyonyesha anahitaji pia shati linalofunguka mbele lote, siyo lile la kuvaa kwa kupitisha kichwani lenye vifungo vitatu.

Rangi ya sketi iwe ya giza. Shule chache bado zina sketi za krimu au kijivu cheupe, na kila msichana aliyevunja ungo anajua maana yake siku ya tatu ya hedhi akiwa amekaa kwenye dawati la mbao kwa saa sita. Bluu iliyokoza, nyeusi au damu ya mzee inamwondolea hofu hiyo bila gharama. Ongeza mfuko wa ndani kwenye mshono wa kulia, upana inchi tano na kina inchi sita: unaingiza pedi moja na chupi bila kutuna. Mabaki ya kitambaa yanatosha kuushona. Kwa sketi za dukani ambazo hazina mfuko wa aina yoyote, tunatoa alama 4.

Na suruali? Msichana anayeendesha baiskeli kilomita kadhaa, anayetumia kiti cha magurudumu, au anayesoma kwenye baridi ya Makete mwezi wa Juni anapaswa kuipata bila kuandika barua. Sentensi "sketi au suruali ya rangi hiyo hiyo" inamaliza jambo.

KAPTULA

Kaki ya pamba hurudi ndani ikifuliwa mara ya kwanza. Ilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Fundi akikataa, kata kwa kuzidisha inchi moja. Kaptula huchanika nyuma, kwenye mshono wa makalio, kwa sababu mshono huo unapigwa mara moja tu na unabeba uzito wote mtoto akichuchumaa. Dai upigwe mara mbili na uachiwe inchi moja ya ziada kila upande, ili mwakani upanuliwe. Kumlazimisha kijana wa darasa la saba mwenye miaka 14 kuvaa kaptula ni desturi tu. Ruhusuni suruali kuanzia darasa la tano.

SWETA

Alama 3, na kosa si la sweta. Sweta la akriliki la rangi moja lina bei ya wastani, linauzwa popote na linadumu, ingawa linatoa vinyweleo vilivyojiviringa kwenye viwiko. Tatizo linaanza shule inapoagiza mistari miwili ya njano shingoni na nembo iliyofumwa kifuani. Mistari inafumwa kwenye mashine tangu mwanzo. Fundi wa mtaani hawezi kuiongeza. Mwenye mashine ndiye anayepanga bei. Sweta hilo halihamii kwa mdogo wake anayesoma shule ya jirani, na shule ikibadilisha rangi, lote linatupwa.

Mbadala ni nembo ya kipande cha kitambaa, iliyodariziwa kando na kuuzwa peke yake, ambayo mzazi anaishona mwenyewe kwa sindano. Ishonwe pembe zote nne kwa mshono wa mkono, isigandishwe kwa gundi ya pasi, maana gundi hiyo huachia baada ya muda na akriliki yenyewe huharibika ikiguswa na pasi ya moto. Mtoto akihama shule, nembo inafumuliwa na sweta linaendelea.

Kuna suala la hali ya hewa pia. Sweta la lazima Dar es Salaam mwezi wa Februari ni adhabu. Njombe na Mufindi mwezi wa Julai, sweta moja halitoshi, na halikauki usiku likifuliwa. Huko kanuni iruhusu koti la rangi yoyote juu ya sare mpaka saa nne asubuhi. Hakuna aliyewahi kushindwa hesabu kwa sababu koti lake lilikuwa jekundu, lakini vidole vilivyokufa ganzi haviandiki.

HIJABU

Panapokuwa na kanuni fupi na wazi, hakuna ugomvi: rangi ya shati au ya sketi, bila mapambo, urefu wowote hadi kwenye viwiko. Panapokuwa kimya, kila mkuu wa shule anatunga yake. Kenya walifikishana mbali kwa jambo hili: Mahakama ya Rufaa iliwakubalia wanafunzi Waislamu kuvaa hijabu mwaka 2016, Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019 kwa hoja ya utaratibu wa shauri, huku ikitaka kanuni zitungwe.

Kwa bidhaa yenyewe, chagua ya kuvaa kwa kupitisha kichwani, ya kitambaa cha tisheti, bila pini. Pini hupotea, huchoma, na kwenye michezo ni hatari. Ya polista inayoteleza ni nafuu na haikunjiki, lakini karibu na moto wa maabara ya kemia huyeyuka na kugandia ngozini. Kwa sekondari, nunua hata moja tu ya pamba kwa siku za maabara, na iingizwe ndani ya kola. Msichana awe na mbili. Hijabu nyeupe moja haimalizi wiki kwenye jasho la Tanga.

ULEMAVU

Huu ndio upungufu mkubwa wa maduka yote: hakuna sare iliyokwisha kushonwa kwa ajili ya mwanafunzi mwenye ulemavu. Fundi anaweza, akielezwa. Mtoto wa kiti cha magurudumu anahitaji kiuno kilichopanda nyuma kwa inchi mbili kuliko mbele ili mgongo usibaki wazi, na mifuko ya nyuma iondolewe kabisa, kwa sababu mshono mnene chini ya mtu aliyekaa siku nzima huleta vidonda. Mwenye vyuma vya mguu apasuliwe mshono wa nje wa suruali kuanzia pindo hadi juu ya goti na kuwekewa zipu. Kwa mtoto ambaye vidole havishiki vizuri, vifungo vishonwe juu ya shati kama pambo na chini yake kuwekwe velkro. Kwa mbali shati ni sawa na la wenzake. Mwenye usonji anaweza kushindwa kusoma kwa sababu ya lebo inayokwaruza shingoni. Ifumuliwe, isikatwe kwa mkasi, maana kibanzi kinachobaki kinakwaruza zaidi.

Haya yote yaingie kwenye kanuni kama ruhusa ya jumla. Mzazi asidaiwe cheti cha daktari ili aweke zipu.

VIATU

"Viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kwa kamba" ni maneno manane yanayogharimu kuliko sare yote iliyobaki. "Viatu vyeusi vilivyofunika vidole" yanatosha. Chochote utakachonunua, kunja soli katikati: ikifunguka mdomo mbele, imegandishwa kwa gundi tu, na mvua za masika zitaimaliza. Mpelekee fundi viatu aizungushie mshono ikiwa bado mpya, kabla ya uchafu kuingia kwenye ufa. Acha nafasi ya upana wa kidole mbele ya dole gumba. Mwenye jeraha, mguu uliovimba au miguu isiyolingana ukubwa avae kandambili au sandali, bila maelezo mbele ya mstari.

DUKA, FUNDI NA RANGI

Ya dukani inashinda kwa haraka, inapoteza kwa saizi. Saizi zake hufuata umri, na mtoto mnene anaambiwa saizi yake ni ya watu wazima, bei juu. Kwa fundi, ufundi ni ule ule na inayoongezeka ni robo ya mita. Peleka kitambaa Novemba. Januari fundi anashona hadi usiku, na pindo la inchi tatu ndilo la kwanza kusahaulika.

Ugomvi wa kila mwaka ni rangi. Fomu inasema "damu ya mzee", na kila duka lina mzee wake. Shule ibandike kipande cha kitambaa cha inchi nne kwa nne kwenye ubao wa matangazo, na itaje kwamba iliyokaribia inakubalika. Rangi hupauka kwa jua hata hivyo. Baada ya muhula mmoja hakuna sketi mbili zinazofanana. Kuhusu tisheti za siku maalum, fulana ya michezo na nguo za shamba: fulana yoyote nyeupe na nguo yoyote kuukuu. Shule inayouza tisheti ofisini kwake imegeuka duka, na itavutika kumfukuza asiyenunua.

KABATI LA SARE

Magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 2003, utafiti katika shule 328 uliwapa baadhi ya wanafunzi sare bure, mbili katika miaka mitatu ya mwisho ya shule ya msingi. Wasichana walioacha shule walipungua kutoka asilimia 19 hadi 16, na waliopata mimba kutoka 16 hadi 13. Bila mfadhili, shule inaweza kuanza na kabati lenye kufuli. Darasa la saba humaliza mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba; omba sare siku ya mwisho ya mtihani, kabla hazijagawiwa binamu. Zifuliwe, zirudishiwe vifungo, kisha ziandikwe kwa wino usiofutika ndani ya kiuno au kola: inchi za kifua au kiuno, basi. Jina la mwenyewe wa zamani lifunikwe kwa kipande cha kitambaa. Ugawaji ufanyike mchana wa Jumamosi na mlezi mmoja, siyo mstarini, na mtoto yeyote achukue bila kuthibitisha umaskini wake.

Kabati la namna hii lina kasoro moja inayojitokeza mwaka wa kwanza tu: wanaomaliza ni wakubwa, kwa hiyo linajaa viuno vya inchi 28 na kuendelea, na darasa la kwanza wanakosa. Wekeni siku ya kubadilishana kila Desemba kwa darasa la pili hadi la tano, ambapo mzazi analeta ndogo na kuondoka na kubwa. Kaptula za watoto wadogo zitakuja zimechanika makalio, kwa hiyo fundi awepo hapo hapo na cherehani yake.